Nyangumi Ndani ya Gia Boksi

Neno dawa katika Kiswahili halibagui. Kuna dawa ya malaria, dawa ya mbu, dawa ya meno, dawa ya viatu na dawa ya kuua magugu. Kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, na kule Grogan, Nairobi, kuna pia dawa ya gia boksi. Ni chupa ndogo ya plastiki, imepangwa rafu moja na oili ya breki na maji ya rejeta, na lebo yake huahidi mambo matatu kwa mkupuo: itazuia kuvuja, itaondoa kuteleza kwa gia, na itarudisha ulaini wa gari jipya.

Anayeinunua hajaja dukani kwa udadisi. Gari lake la otomatiki limeanza kuchelewa kuondoka akiweka D. Au linanguruma mlimani bila kuongeza mwendo. Au likishika kilomita 60 kwa saa linatetemeka kana kwamba linapita juu ya rasta. Fundi amemtajia bei ya gia boksi ya mtumba kutoka Japani, na bei hiyo imemkosesha usingizi. Chupa inauzwa kwa sehemu ndogo tu ya fedha hizo.

Uliza gereji yoyote kuhusu chupa hiyo, utapata majibu mawili. Mmoja atakuambia ni utapeli mtupu, kwa sababu hakuna kimiminika kinachoweza kuotesha chuma kilicholika. Mwingine atakuapia kwamba gari la shemeji yake lilitiwa chupa moja na mpaka leo linabeba abiria. Historia ya oili ya gia boksi inaonyesha kuwa wote wawili wana hoja. Ili kuelewa ni kwa nini, itabidi tuanzie Marekani, kisha tupitie baharini, kwenye bahari yetu wenyewe.

*

Mwaka 1939 kampuni ya General Motors ilitangaza mtambo ulioitwa Hydra-Matic, uliofungwa kwenye magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Watu wengine walikuwa wameshajaribu kumpunguzia dereva kazi ya klachi, lakini hii ndiyo gia boksi ya kwanza ya otomatiki kamili kutengenezwa kwa wingi na kuuzwa kwa watu wa kawaida. Ilikuwa na gia nne za kwenda mbele na haikuhitaji pedali ya klachi. Vita Kuu ya Pili ilipoingia, mtambo huohuo ulifungwa kwenye vifaru vyepesi vya jeshi la Marekani, na vita vilipokwisha matangazo ya kampuni hayakusahau kulitaja hilo.

Jambo lililobadilika na Hydra-Matic, ambalo madereva wengi hawakuliona, ni kazi ya oili. Kwenye gia boksi ya manyuo, oili hulainisha meno ya gia yasilane, basi. Kwenye gia boksi ya otomatiki, oili ina kazi nne kwa wakati mmoja. Kwanza, hubeba nguvu ya injini. Chukua feni mbili zinazotazamana: ukiwasha moja, upepo wake utaizungusha ya pili. Weka oili badala ya upepo, na umeelewa kinachotokea kati ya injini na gia. Pili, oili husukumwa kwa shinikizo kupitia njia nyembamba na valvu ili kubana klachi za ndani, na hapo ndipo gia hubadilika. Tatu, hubeba joto hadi kwenye kipoza mafuta, ambacho katika magari mengi kimo ndani ya rejeta.

Kazi ya nne ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo iliyozaa biashara ya chupa. Klachi za gia boksi ya otomatiki zimezama ndani ya oili. Ni sahani za chuma zilizopishana na sahani zenye gamba linalofanana na karatasi ngumu. Zinapobanwa, zinatakiwa ziteleze kwa muda mfupi sana, kisha zishikane. Zikishikana ghafla, gari hushtuka na abiria huinua macho kutoka kwenye simu. Zikiteleza mno, gamba huungua na oili hunuka kama ugali ulioshika chini ya sufuria. Kwa hiyo tunaitaka oili moja iwe na tabia mbili zinazopingana, yaani kuteleza na kushika, na kila tabia ije kwa wakati wake. Oili ya madini iliyotoka kiwandani peke yake haiwezi. Ni lazima itiwe kemikali za kurekebisha msuguano.

Kwa maneno mengine, oili ya gia boksi ni kipuri kama vipuri vingine, tofauti yake ni kwamba inamiminika. Wahandisi walilijua hilo mapema. Mwaka 1949 General Motors ilitoa vipimo rasmi vya oili iliyoitwa Type A. Kampuni yoyote ya mafuta iliweza kupeleka oili yake ipimwe katika taasisi ya Armour Research Foundation mjini Chicago, na ikifaulu ilipewa namba ya kuchapa kwenye kopo. Tangu hapo mwenye gari alijua kuwa kopo la chapa moja na la chapa nyingine yana kitu kilekile.

Ford nao walikuwa na mawazo yao. Oili yao ya Type F haikuwa na kemikali za kulainisha ushikaji, kwa sababu waliunda klachi zao zishike kwa nguvu. General Motors, kwa oili ya Dexron iliyokuja mwaka 1967, walitaka ushikaji laini. Oili zote mbili zilikuwa nyekundu, na zote zilikaa rafu moja. Vijana wa Marekani waliopenda magari ya kasi waligundua upesi kwamba wakimimina Type F ya Ford kwenye gia boksi ya General Motors, gia zinaingia kwa kishindo zaidi. Hakuna aliyegusa chuma hata kimoja. Gari lilibadilika tabia kwa sababu ya kopo la oili, na kila aliyeona hilo aliondoka na somo: kinachomiminwa kina nguvu.

*

Sasa twende baharini. Miongoni mwa vitu vilivyotiwa kwenye Type A na kwenye Dexron ya kwanza ili kurekebisha msuguano ni mafuta ya nyangumi. Si kila nyangumi. Ni yule mwenye kichwa kikubwa cha mraba na meno kwenye taya la chini, ambaye watu wa pwani yetu wamemjua kwa karne nyingi kupitia kitu kingine kinachotoka tumboni mwake: ambari. Al-Masudi, mwandishi Mwarabu wa karne ya 10, aliandika kwamba ambari bora hupatikana kwenye visiwa na fukwe za bahari ya Zanji, yaani huku kwetu. Bonge la kijivu lililookotwa ufukweni liliweza kusafiri hadi kwa watengeneza manukato wa nchi za mbali.

Wamarekani hawakuja kutafuta ambari, ingawa wakiipata hawakuiacha. Walikuja kutafuta mafuta. Katika karne ya 19 meli za New Bedford na bandari jirani za jimbo la Massachusetts zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema na kuwinda nyangumi hawa magharibi mwa Bahari ya Hindi. Zilitia nanga Unguja kuchukua maji, matunda na kuni. Sayyid Said alikuwa ametia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na kuanzia mwaka 1837 kulikuwa na konseli wa Marekani pale mjini. Baharia mmoja wa meli hizo, J. Ross Browne, alichapisha mwaka 1846 kitabu kuhusu maisha magumu ya wavua nyangumi, na sehemu ya kitabu hicho inasimulia ukaaji wake Unguja.

Mafuta yale yaliwasha taa na kulainisha mashine. Viwanda vya nguo vya Massachusetts viliyapenda kwa ajili ya pia za kusokotea nyuzi, zinazozunguka kwa kasi na hazivumilii oili nzito. Viwanda hivyohivyo vilifuma kitambaa ambacho Waswahili walikiita merikani, kikauzwa Unguja na kubebwa na misafara hadi Tabora na Ujiji. Si ajabu kama nyangumi aliyeuawa karibu na Unguja aliwahi kulainisha mashine iliyofuma shuka lililorudi Unguja.

Baada ya kisima cha petroli cha Pennsylvania mwaka 1859, mafuta ya taa yaliyatoa mafuta ya nyangumi kwenye taa. Wengi hudhani biashara ya nyangumi iliishia hapo. Haikuisha. Karne ya 20, kwa meli za injini na mizinga ya vyusa, iliua nyangumi wa aina hii wengi kuliko karne ya 19, na sehemu ya soko ilikuwa ni mashine. Sababu ni ya kikemia. Mafuta mengi ya wanyama na mimea yamejengwa juu ya gliseroli, na huharibika upesi kwenye joto kali. Mafuta ya nyangumi huyu ni nta iliyo katika hali ya kimiminika. Hayagandi upesi kwenye baridi, huvumilia joto, na yakichanganywa na salfa hushikamana na uso wa chuma kama utando mwembamba. Ndivyo hasa klachi iliyozama kwenye oili inavyotaka. Serikali ya Marekani iliyaona kuwa ya thamani kiasi cha kuweka shehena yake kwenye akiba ya taifa ya vitu vya kimkakati.

Kwa hiyo ukiwaza Mmarekani wa miaka ya 1950 akiendesha Cadillac yake, kijiko kimoja cha redio, kijiko kimoja cha moshi wa sigara, usisahau kwamba chini ya miguu yake kulikuwa na kiasi kidogo cha nyangumi kinachozunguka ndani ya mtambo. Yeye hakujua. Kopo halikumwambia.

*

Mwaka 1970 Walter Hickel, waziri wa Marekani aliyesimamia ardhi na maliasili, aliwaingiza nyangumi wakubwa, huyu akiwemo, kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Sheria ya mwaka 1972 ya kuwalinda wanyama wa baharini na ile ya mwaka 1973 ya viumbe walio hatarini zikafunga mlango kabisa. Mafuta ya nyangumi hayakuweza tena kuingia Marekani kihalali kwa ajili ya viwanda.

Ulikuwa uamuzi sahihi, na hakuna haja ya kuulilia. Lakini ulifungua ukurasa usiojulikana sana katika historia ya magari. Waundaji wa oili walilazimika kutafuta kitu mbadala kwa haraka, wakati huohuo magari yakibeba injini zenye joto zaidi. General Motors walitoa toleo jipya, Dexron-II. Mapishi ya mwanzo ya toleo hilo yalileta shida yake: yalikula solda ya vipoza mafuta, hivyo ikabidi yarekebishwe tena na kutiwa kemikali ya kuzuia kutu. Kwa miaka kadhaa mwenye gari alikuwa sehemu ya jaribio ambalo hakuambiwa kuwa yumo.

Wakati huo wanakemia waligeukia jangwani. Kwenye jangwa la Sonora, linaloshirikiwa na Arizona, California na Meksiko, huota kichaka kiitwacho jojoba. Mbegu zake hutoa mafuta ambayo nayo ni nta ya kimiminika, karibu ndugu wa yale ya nyangumi. Jambo hilo lilikuwa limejulikana tangu miaka ya 1930, likakaa kwenye makaratasi kwa sababu nyangumi alikuwa rahisi zaidi kupatikana. Baada ya marufuku, jojoba ikawa habari. Leo wengi wetu tunaijua kwenye chupa za mafuta ya nywele. Katika miaka ya 1980, kampuni moja ya Seattle ilianza kuuza kiongeza cha gia boksi kiitwacho Lubegard, kilichojengwa juu ya nta za kimiminika zilizotokana na mimea, kwa madai ya wazi kabisa: kurudisha kile alichokuwa akikifanya nyangumi.

Hapa ndipo yule wa shemeji yake anapopata haki yake. Kuna ugonjwa wa gia boksi ambao kweli uko ndani ya oili. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, watengenezaji wengi waliweka klachi ndani ya konvata, lile pia kubwa la mafuta lililo kati ya injini na gia, ili kuokoa petroli kwenye mwendo wa barabara kuu. Kemikali za msuguano zikichakaa, klachi hiyo hushika na kuachia, hushika na kuachia, mara nyingi kwa sekunde moja. Ndiyo mtetemo wa rasta. Chuma bado ni kizima. Gamba bado lipo. Kilichokwisha ni kemikali, na kemikali inaweza kumiminwa.

Ushahidi mzuri umetoka hivi karibuni kwa watengenezaji wenyewe. General Motors walipotoa gia boksi za gia nane kwa magari ya mwaka 2015 na kuendelea, wateja wengi walilalamikia mtetemo wa namna hii. Tatizo lilihusishwa na oili ya awali kunyonya unyevu. Maelekezo yaliyopelekwa kwa mafundi wa kampuni yalikuwa kuisafisha gia boksi na kuweka oili ya fomula nyingine. Wamiliki hawakuridhika wote, na kesi ilikwenda mahakamani. Hata hivyo tuone kilichotokea: moja ya kampuni kubwa za magari duniani, ilipokabiliwa na gia boksi inayotetemeka, jibu lake la kwanza lilikuwa oili.

*

Sasa zamu ya yule aliyesema utapeli.

Soko la chupa Marekani lilikua kwa kuchukua ukweli huu mdogo na kuunyoosha ufunike kila ugonjwa. Mfano maarufu zaidi ni wa injini, si wa gia boksi, lakini njia ilikuwa moja. Kiongeza cha STP kilianza kuuzwa mwaka 1954. Chini ya Andy Granatelli nembo yake ya mviringo ilibandikwa kwenye magari ya mashindano, na mwaka 1969 gari lake, likiendeshwa na Mario Andretti, lilishinda mbio za Indianapolis. Mwaka 1971 jarida la Consumer Reports liliwaambia wasomaji kuwa kiongeza hicho hufanya hasa jambo moja: huifanya oili iwe nzito. Mwaka 1978 kampuni ilikubali kulipa faini ya dola 500,000 kwa sababu ya madai ya matangazo yake, na kugharimia tangazo la kueleza hivyo kwenye magazeti, likiwemo Wall Street Journal. Mwaka 1997 mamlaka hiyohiyo ya biashara ilimalizana na Slick 50, waliokuwa wakiuza kiongeza chenye unga wa plastiki ile inayopakwa kwenye vikaango, kwa madai ambayo hayakuwa na ushahidi.

Tukirudi kwenye gia boksi, ukiacha lebo kando, chupa nyingi ni za aina nne. Ya kwanza huvimbisha sili za mpira. Sili iliyokauka na kusinyaa hupitisha oili na kupoteza shinikizo. Ikivimba kidogo, uvujaji hupungua na gia huingia upesi zaidi. Kama sili imepasuka, haina msaada. Na kinachovimbisha sili mbovu huvimbisha na nzima. Ya pili hufanya oili iwe nzito, ili pampu iliyochoka iweze kujenga shinikizo. Ya tatu ni kisafishaji cha kulegeza valvu zilizogandwa na uchafu. Ya nne ni kirekebisha msuguano, mrithi wa nyangumi. Kila moja ina ugonjwa wake. Ya nne ikimiminwa kwa mgonjwa wa ya pili, klachi zinazoteleza zitazidi kuteleza.

Lakini chupa inayouzwa kwa ugonjwa mmoja haina soko kubwa kama chupa ya magonjwa yote. Kwa hiyo lebo hutaja yote. Na biashara hiyo si ndogo. Lucas Oil, iliyoanzishwa mwaka 1989 na dereva wa malori Forrest Lucas na mkewe Charlotte, ilianza na viongeza vya namna hii. Uwanja wa mpira wa Kimarekani uliofunguliwa Indianapolis mwaka 2008 unaitwa Lucas Oil Stadium, kwa kuwa kampuni ilinunua haki ya jina.

Kuna pia mila ya zamani zaidi ya chupa, ambayo haikuwa na lebo kabisa. Wauza magari yaliyotumika walijulikana kwa kutia unga wa mbao kwenye gia boksi au difu inayolia, ili inyamaze kwa siku chache za kumtafuta mnunuzi. Waliosoma hadithi ya Matilda ya Roald Dahl, iliyotoka mwaka 1988, watamkumbuka baba yake, Bwana Wormwood, akijisifia hila hiyo. Unga wa mbao haukuwa dawa ya gari. Ulikuwa dawa ya mnunuzi. Na swali hilo linafaa kuulizwa kuhusu kila chupa: je, inamtibu nani, gari au mtu anayelisikiliza?

*

Swali hilo linatuhusu zaidi kuliko linavyowahusu Wamarekani, kwa sababu ya mahali tulipo kwenye maisha ya gari.

Kati ya miaka ya 1990 na 2000 watengenezaji kadhaa walianza kutumia oili waliyosema haihitaji kubadilishwa katika matumizi ya kawaida. Wengine waliondoa hata dipstiki ya gia boksi. Wauzaji wakaifupisha habari hiyo kuwa oili ya maisha. Maisha ya nani? Mnunuzi wa kwanza huko Japani hukaa na gari miaka michache kwenye barabara nzuri, kisha huliuza. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Tanzania huruhusu, ila hutoza kodi ya ziada kwa uchakavu. Kwa hiyo gari hutufikia pale ambapo maisha yaliyohesabiwa na mtengenezaji yanakaribia kwisha, na kwetu ndipo kazi nzito inapoanza: foleni, joto, vumbi, mizigo, milima ya Lushoto au ya Limuru. Daftari la matengenezo, kama lipo, limeandikwa Kijapani.

Hapo tena kuna gia boksi za CVT, zilizojaa kwenye magari madogo tunayoyaagiza. Asili yake ni kazi ya Mholanzi Hub van Doorne, aliyetambulisha gari la DAF lenye mikanda ya mpira mwaka 1958. Baadaye kampuni yake iliunda mkanda wa chuma unaosukuma kati ya puli mbili. Mkanda huo huendesha gari kwa kushika chuma kwa chuma. Oili yake imeundwa ili chuma kishike chuma bila kukilana. Mimina humo chupa ya kupunguza msuguano, iliyobuniwa kwa gia boksi za aina nyingine, na mkanda unaweza kuteleza na kukwaruza puli. Dawa ya mgonjwa mmoja ni sumu ya mwingine, na zote mbili ziko kwenye rafu moja.

Katika kitabu chake African Motors cha mwaka 2021, mwanahistoria Joshua Grace anaonyesha jinsi mafundi wa Tanzania, wakiwemo wa gereji bubu zisizo na kibao wala leseni, walivyojenga maarifa ya magari nje ya shule na karakana rasmi. Nadhani dipstiki ni sehemu nzuri ya kuyaona maarifa hayo. Fundi mzoefu huifuta kwenye karatasi nyeupe. Oili nyekundu inayoonyesha mwanga ni nzima. Ya kahawia imechoka. Nyeusi yenye harufu ya kuungua na unga wa gamba inasema klachi zimekwisha, na hakuna chupa ya kuzirudisha. Ikiwa ya waridi yenye ukungu, kama maziwa yaliyotiwa rozi, maji ya rejeta yameingia. Kipimo hiki hakigharimu kitu, na hutenganisha kilichopotea kwenye oili na kilichopotea kwenye chuma. Ndicho kitu ambacho lebo haiwezi kukifanya, na ndicho kinachotoweka dipstiki inapoondolewa.

Fundi huyo pia ndiye anayejua kwa nini watu husema ukibadilisha oili gia boksi inakufa. Wengi hubadilisha wakati gia zimeshaanza kuteleza. Gari likizima wiki iliyofuata, lawama huiangukia oili mpya. Pia wengi hudhani wamebadilisha yote, kumbe kufungua nati ya sampo mara nyingi hutoa chini ya nusu, nyingine ikibaki ndani ya konvata.

Methali yetu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Muuza chupa huitumia, na fundi anayetaka kushusha gia boksi nzima huitumia pia. Dereva wa teksi mwenye gari la mkataba, anayetakiwa kupeleka hesabu kila wiki, husikia wote wawili akijua kuwa fedha ya ukuta hana. Anaponunua chupa, si kwamba ameamini lebo. Ananunua wiki tatu za kuendelea kufanya kazi, na mara nyingine hesabu yake ni sahihi. Tatizo linakuja kwa sababu hakuna aliyemwambia chupa aliyoshika ni ya ufa gani, na kwa ugonjwa usio wake inaweza kumpunguzia hizo wiki tatu ziwe moja.

Duka la dawa za binadamu haliruhusiwi kuuza chupa isiyotaja kilichomo ndani, ni ya ugonjwa gani na nani asiitumie. Mmarekani wa mwaka 1955 hakuambiwa kuna nyangumi kwenye kopo lake, na mnunuzi wa Gerezani leo haambiwi kama aliyoshika ni ya kuvimbisha sili, ya kuongeza uzito, ya kusafisha au ya kulainisha msuguano. Mpaka lebo itakapolazimika kusema, afadhali kuanza na karatasi nyeupe na pua ya fundi, kabla ya kufungua kizibo.